Watoto waachwe wachezee udongo

Ndugu Mhariri,

Katika kijiji ninachofundisha, baadhi ya wazazi wamependekeza uwanja wa darasa la awali umwagwe saruji ili watoto wasirudi nyumbani na sare chafu. Michango imekwisha anza kutajwa. Mimi napinga.

Mwenye shaka na aje aketi chini ya mwarobaini wetu asubuhi moja. Atamwona mtoto wa miaka mitano akijaza mchanga ndoo mbovu kwa kopo la maziwa, huku akihesabu: kumi na moja, kumi na mbili. Hakuna aliyemwamuru. Mwingine anajenga nyumba kwa mchanga mkavu, inaporomoka. Anatia maji, inasimama. Anazidisha maji, inageuka uji. Hiyo ni sayansi, tena ameijaribu mwenyewe. Wa tatu anafinyanga ng'ombe na zizi lake, kisha anagombana na mwenzake juu ya idadi ya ndama mpaka wanapatana. Vidole vinavyofinyanga pembe za ng'ombe ndivyo vitakavyoshika kalamu.

Chuoni tulifundishwa habari za mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget (1896-1980). Alionyesha kuwa ukichukua madonge mawili ya udongo yaliyo sawa, ukaliviringisha moja likawa refu mbele ya mtoto mdogo, mara nyingi atasema lile refu lina udongo mwingi zaidi. Nimelijaribu darasani, na ukimbishia hasadiki! Akili hiyo hukomaa kadiri anavyokua na kushika vitu kwa mikono yake, si kwa kukaririshwa ubaoni.

Wanaosema udongo una minyoo hawakosei. Safura huingia kwa kupenya ngozi ya miguu, hasa mahali palipochafuliwa na kinyesi. Lakini kinga yake ni choo kinachotumika, viatu, kunawa kwa sabuni kabla ya kula, na vidonge vya minyoo. Saruji ya shuleni haitamkinga mtoto na minyoo iliyoko nyuma ya nyumba yao.

Kwa fedha hizo hizo naiomba kamati ya shule ilete tela moja la mchanga wa mtoni, uwekwe mbali na vyoo na jalala, na inunue ndoo mbili zenye koki za kunawia. Kuhusu sare, mtoto aje na nguo kuukuu ya kuchezea. Sisi walimu tutasimamia kuwabadilisha.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kongwa, Dodoma.