Laptopu ya Binti na Hesabu ya Stima



Swali la juma hili limetoka kwa mama mmoja wa hapa mwambao, naye ameliandika kwa masikitiko. Binti yake yuko mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme, na ameomba anunuliwe laptopu yenye nguvu ili aendeshe programu za kuchambua mifumo ya umeme. Baba mtu amekataa. Hoja yake ni kwamba fundi wa stima hujulikana kwa koleo, ngazi na viatu vya mpira, na kwamba mtoto anayelilia kompyuta ataka filamu. Mama auliza: je, programu hiyo ni elimu au ni mchezo? Nasi hatukusomea uhandisi, lakini tumelifuatilia jambo hili kwa muda na kuwauliza wajuzi wake. Twaona baba ana haki ya kuuliza, ila hoja yake yamfaa fundi wa nyumba. Binti huyu asomea kazi nyingine.

Fundi hushughulika na waya alioushika mkononi. Mhandisi wa gridi hushughulika na nyaya asizoziona, zilizo mamia ya kilomita kutoka alipoketi. Stima inayowasha taa zetu hapa Mombasa, sehemu yake huzalishwa Kipevu, sehemu hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, na sehemu ni upepo wa Loiyangalani karibu na Ziwa Turkana, ambako imesimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Yote hayo huingia katika mtandao mmoja. Na stima si kama maji ya mfereji, ambayo mtu huyafungulia njia aitakayo. Hujigawa yenyewe katika njia zote zilizo wazi kwa wakati mmoja; njia nyepesi hupata zaidi na njia nzito hupata kidogo. Ikikatika laini moja bara, mtiririko hubadilika hadi pwani. Juu ya hayo, kinachozalishwa hakina budi kulingana na kinachotumiwa, sekunde kwa sekunde. Kikipungua, mapigo ya umeme ambayo kwetu hutakiwa yawe 50 kwa sekunde huanza kushuka, na yakishuka mno mitambo hujitoa yenyewe isije ikaharibika.

Sasa nani aweza kulipiga hesabu jambo kama hilo kwa kalamu? Wazee wa fani hii walijaribu, wakashindwa, wakaunda gridi ndogo ya mfano. Mwaka 1929 chuo cha MIT, Marekani, kikishirikiana na kampuni ya General Electric, kilijenga chombo kilichojaza chumba kizima: koili, vizuizi vya umeme na mita, kila kimoja kikisimama badala ya laini au mji fulani. Mhandisi aliyetaka kujua itakuwaje laini fulani ikikatika, aliuchomoa waya wake mezani akasoma mita. Mwaka 1956 wataalamu wawili, Ward na Hale, walionyesha jinsi kompyuta iwezavyo kuifanya kazi hiyo kwa tarakimu. Kisha mwaka 1967 Tinney na Hart, waliokuwa na shirika la umeme la Bonneville huko Portland, walichapisha njia ambayo mpaka leo ndiyo moyo wa programu nyingi.

Njia yenyewe ni ya Newton, yule Mwingereza wa karne ya 17, na kina mama wataielewa upesi kuliko wengi. Mpishi wa pilau hana mizani ya chumvi. Hukisia, huonja, huongeza, huonja tena, na kila mara marekebisho huwa madogo zaidi, mpaka akatosheka. Programu hufanya vivyo hivyo. Huanza kwa kukisia kwamba kila kituo kina volti kamili, halafu hutazama: je, umeme unaoingia kila kituo walingana na unaotoka? Haulingani. Basi hurekebisha makisio na kutazama tena. Kwa kawaida mizunguko michache tu hutosha. Busara ya Tinney ilikuwa kutambua kwamba kila kituo kimeungana na majirani wachache tu, kwa hiyo jedwali la hesabu limejaa sufuri, na sufuri hazina haja ya kuhesabiwa. Kwa kuziruka, gridi ya nchi nzima iliweza kuingia katika kompyuta dogo la zama zile.

Ikiisha kujua hali ya kila kituo, programu huulizwa maswali ya "je, ikiwa". Ikikatika laini hii, zilizobaki zitauhimili mzigo? Nyaya zikigusana mahali fulani, ni mkondo mkubwa kiasi gani utakaopita kabla ya kukatwa? Swali hili la pili latuhusu sote, kwa kuwa kikata umeme kilichochaguliwa kwa makisio chaweza kulipuka siku kinapohitajiwa. Ni hesabu hiyo pia inayopanga zamu za kukatika: hitilafu ya nyumba moja iangushe fyuzi ya nyumba hiyo, isizime transfoma ya mtaa mzima.

Tuje sasa kwenye mfano ambao twapenda kila mzazi wa mhandisi aujue. Alhamisi ya tarehe 14 Agosti 2003, watu wapatao milioni 50 katika majimbo manane ya Marekani na jimbo la Ontario nchini Kanada walizimikiwa na stima jioni moja. Serikali mbili ziliunda tume ya pamoja, na ripoti yake ya mwaka 2004 yasomeka kama kisa cha mkufunzi.

Katika mji wa Carmel, Indiana, kulikuwa na ofisi ya uangalizi wa gridi ya eneo lile, nayo ilitumia programu ambayo kila baada ya dakika tano hukusanya vipimo kutoka kila upande na kuchora picha ya hali ya gridi. Kiasi cha saa sita na robo mchana picha ilitoka na dosari, kwa kuwa programu haikuwa na habari ya laini moja iliyokatika. Mchambuzi alisimamisha ule mwendo wa kujiendesha, akatafuta kosa, akalipata, akalisahihisha. Kisha akaenda kula chakula cha mchana, na akasahau kuirudisha programu katika mwendo wake. Ilipogunduliwa alasiri kwamba imelala, iliwashwa, lakini ikakwama tena kwa laini nyingine ambayo habari zake hazikufika. Wakati huohuo kampuni ya FirstEnergy ya Ohio ilikuwa na maafa yake: tangu saa nane na dakika 14 mfumo wake wa kengele za hatari ulikuwa umekufa kwa kasoro ya programu, na waliokuwa zamu hawakujua. Ukimya wa kengele waliudhania ni salama. Laini kubwa tatu zikakatika mfululizo, saa tisa na dakika 5, saa tisa na dakika 32 na saa tisa na dakika 41. Zilikuwa hazikuzidiwa na mzigo. Zilikuwa zimegusa miti ambayo haikupogolewa. Saa kumi na dakika 4 ile programu ya Carmel ilirejea kufanya kazi sawasawa. Dakika mbili baadaye anguko kuu lilikuwa limeanza.

Baada ya tukio wachunguzi waliketi na programu za namna hiihii, wakairudia siku ile katika kompyuta hatua kwa hatua. Waliona kwamba lau kiasi cha megawati 1,500 za matumizi zingekatwa kwa makusudi katika eneo la Cleveland na Akron, huenda maafa yangezuilika. Giza la miji miwili lingewanusuru mamilioni. Lakini nani azime mji mzima, na hana picha mbele yake?

Kisa hiki ndicho kinachotufanya tumwambie baba kwamba programu ni elimu, na tumwambie binti kwamba kuibonyeza si elimu bado. Sisi wenyewe hufundisha mirathi, na siku hizi vijana hutuletea simu zenye programu ya kugawa urithi. Mpe orodha ya warithi, naye hugawa kwa sekunde moja bila ya kukosea hata senti. Lakini ukisahau kumtaja bibi mzaa mama aliye hai, atagawa vilevile, kwa utulivu uleule, na mtu atadhulumiwa. Aliyesoma mirathi kwa ubao huiona dosari kabla ya kufika mwisho wa ukurasa. Kwa hiyo mwanafunzi wa umeme atatue kwanza mtandao wa vituo vitatu kwa kalamu na karatasi, mpaka mkono uchoke. Mwalimu anayeanza na kompyuta siku ya kwanza twaona hajawatendea wema wanafunzi wake.

Jambo jingine ladogo latukera kidogo. Zoezi mashuhuri kuliko yote katika fani hii ni gridi ya vituo 14 ya jumuiya ya wahandisi ya IEEE, nayo ni sehemu ya mtandao halisi wa Marekani kama ulivyokuwa mwezi wa Februari 1962. Ni zoezi zuri. Lakini kijana wa Kisauni aijue Ohio ya zamani na asijue laini ya volti 220,000 itokayo Rabai, ikapita Malindi na Garsen hadi Lamu, zaidi ya kilomita 300? Laini ndefu ya namna hiyo ikiwa na wateja wachache ina tabia ya kushangaza: volti ya mwisho hupanda ikazidi ya mwanzo. Wahandisi huiita athari ya Ferranti, na huidhibiti kwa koili kubwa za kunyonya ziada hiyo. Fundi mwenye koleo hawezi kuiona. Hesabu huiona kabla nguzo ya kwanza haijasimamishwa.

Na gharama? Programu za makampuni, kama PSS/E iliyoanza mwaka 1976, ETAP ya mwaka 1986 na PowerFactory ya Ujerumani, leseni zake ni ghali, nazo hufaa zitumiwe chuoni au kazini. Kuna nakala za wizi zinazozunguka katika vijiti vya kumbukumbu, nasi hatuzipendekezi: ni jasho la watu, tena mara nyingi hubeba virusi. Hazihitajiki hata. MATPOWER, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cornell, ni ya bure, na yaendeshwa kwa Octave ambayo nayo ni ya bure. Iko pandapower ya Kassel, Ujerumani, na OpenDSS kwa mitandao ya mitaani. PowerWorld hutoa bure toleo dogo la wanafunzi. Kwa masomo ya shahada ya kwanza, hizi hazihitaji mashine ya bei kubwa. Laptopu ya kawaida, hata iliyotumika ikiwa nzima, yatosha. Hapo basi mama na binti nao wapunguze ombi lao.

Kabla ya kununua, baba amwite binti mezani, ampe karatasi, amwombe amchoree Rabai, Malindi, Garsen na Lamu, na amweleze kwa nini volti yapanda usiku wa manane watu wanapozima taa. Akiweza kumfahamisha, waende dukani Jumamosi.