Babu Hajui Kusoma?



Tuseme mzee wa Magomeni, Kilosa, amefika ofisini kuthibitisha mpaka wa shamba lake. Anasogeziwa wino atie dole gumba, na mbele ya jina lake panaandikwa: hajui kusoma. Nyumbani ana daftari aliloliandika mwenyewe kwa Kiswahili, katika herufi za Kiarabu: shamba lilinunuliwa kwa nani, kwa kiasi gani, na mashahidi ni akina nani. Ushahidi upo, ila hakuna aliyeuliza.

Hukumu hii si ya kale. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728 kwa herufi hizo. Wajerumani walipokuja, waliwakuta watu wa pwani wakiandikiana kwazo, na mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha huko kwao kitabu cha nyaraka za Kiswahili ili wanafunzi wa Kijerumani wajifunze kuzisoma. Wakati huo mgeni ndiye aliyekuwa hajui. Baadaye shule na ofisi za serikali zilishika herufi za Kilatini. Elimu ya wazee haikupungua. Kilichobadilishwa ni mizani.

Mwanafalsafa Miranda Fricker wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 2007, aliitaja dhuluma ya namna hii: mtu kunyimwa haki yake ya kuhesabiwa kuwa mjuzi. Nasi huiendeleza majumbani. Mtoto akisikia babu yake hajui kusoma, huacha kumwuliza. Babu naye, akiambiwa hivyo miaka mingi, huamini.

Hatusemi herufi za Kilatini zikataliwe. Watoto wetu wanazihitaji, na mzee akizijifunza ni kheri. Wala si kila anayesoma msahafu anaweza kuandika barua. Lakini uadilifu unataka swali litangulie hukumu: wewe husoma kwa herufi zipi?

Wiki hii, mzazi, mwombe mzee wako akutolee daftari, wasia au barua za zamani. Akusomee, na mjukuu anakili kwa herufi za shule, kwani mchwa hawangoji. Huenda humo mna deni la marehemu ambalo halijalipwa, au haki ya yatima. Elimu ni amana, na amana hurejeshwa kwa wenyewe.

Wabillahi tawfiq.