Fitingi ya Plastiki Haina Shida, Shida ni Mkasi Wako

Wasee, najua nikisema hivi kuna mafundi wa zamani watanirukia kwa komenti. Karibuni. Kwa laini za pitoti na statiki za ndege ya kujijengea, zile fitingi za plastiki za kusukuma paipu mpaka ishike zinatosha. Kulipa mara kadhaa zaidi ndio uwekewe za alumini kila mahali si usalama. Ni kujituliza roho.

Kwa wale hawajui: pitoti ni kale kamrija kanakoangalia mbele kupokea upepo. Statiki ni matundu madogo pembeni mwa bodi, ya kupima hewa iliyotulia. Geji ya kasi inalinganisha hizo mbili. Geji ya urefu inategemea statiki peke yake. Kati ya matundu na geji ni paipu tu, na fitingi.

Sasa angalia hesabu. Ukipaa noti 100, karibu kilomita 185 kwa saa, presha ya pitoti inainua maji kwa paipu kama sentimita 16.5 hivi. Hiyo ni chini ya urefu wa rula ya shule. Tairi ya gari ina presha zaidi ya mara 100 ya hiyo. Kwa hivyo hakuna kitu hapo cha kupasua plastiki. Chuma kina mahali pake: karibu na injini, na pale pitoti yenye hita inapopata moto. Kwingine, adui ni kuvuja, maji na wadudu wa kujenga nyumba kwa tundu.

Na kuvuja nakujua, kwa sababu nilikuleta mimi.

Anko wangu anajenga ndege ya viti viwili kwa hanga moja huko Kajiado. Siku ya laini za statiki alinipa kazi ya kukata paipu. Kikatio kilikuwa mbali, mkasi ulikuwa karibu. Unajua nilichukua gani. Ncha zikatoka za mshazari, nikasukuma, zikashika, nikavuta, hazikutoka. Nikaona niko sawa, nikaendelea kupiga video.

Jioni akaunganisha bomba la sindano kwa tundu la statiki, akavuta polepole mpaka geji ya urefu ikasoma futi 1,000 juu ya pale tulikuwa, akafunga. Kanuni ya Marekani kwa ndege kama hii inaruhusu ishuke futi 100 kwa dakika 1, basi. Yetu ilishuka zaidi ya 300. Anko hakupiga kelele. Alisema tu, "Kijana, safari ya kwanza ya hii ndege nani atakaa kile kiti kingine?" Kiti kilikuwa changu, tulikuwa tumeshakubaliana.

Hapo ndio niliingiwa na baridi. Statiki ikivuja ndani ya kebini, ambako kawaida presha iko chini kidogo kuliko nje, geji inakudanganya uko juu zaidi na una kasi zaidi. Unakuja kutua ukidhani una kasi ya kutosha, unapunguza. Bawa halisomi geji. Likikosa upepo, linaacha kukubeba.

Na usifikirie bei ingetuokoa. Mwaka wa 1996 Boeing 757 ya Aeroperú ilianguka baharini, watu wote 70 wakafa, kwa sababu baada ya kuoshwa, utepe uliachwa juu ya matundu ya statiki. Hakuna fitingi inayoshinda utepe.

Kwa hivyo pesa unayookoa kwa alumini, nunua kikatio kizuri. Kata wima kabisa, kwa sababu ringi ya mpira ndani ya fitingi haishiki ncha ya mshazari. Usichanganye saizi pia: paipu ya kiti ya robo inchi ni milimita 6.35, na fitingi nyingi za maduka ya Industrial Area ni za milimita 6. Zinakaribiana vya kutosha kukudanganya. Halafu pima, kila mara ukifungua laini.

Nilikata upya zote sita. Safari hii geji haikutingika. Kiti bado ni changu.

Wewe uko timu gani, plastiki ama alumini? Lakini kabla ujibu, umepima?