Punje Moja, Usiku Mmoja

Nilikuwa darasa la nne jino liliponikosesha usingizi. Bibi yangu kule Matombo, milimani Uluguru, hakuwasha hata kibatari. Alipapasa kopo la viungo, akachagua karafuu yenye kichwa kizima, akanipachikia kati ya jino na shavu. "Ibane taratibu, usiitafune. Mate yakijaa, tema." Ulimi ukawaka, ufizi ukafa ganzi, nikalala. Alfajiri, kabla ya chai, tulikuwa njiani kwenda hospitali.

Asubuhi ile naikumbuka kuliko usiku wenyewe.

Karafuu ni tumba la ua, huchumwa kabla halijachanua na kuanikwa juani mpaka likauke na kuwa la kahawia. Ndani yake mna mafuta ya yujenoli, ndiyo yanayotia ganzi. Madaktari wa meno huyachanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Bibi na daktari walishika kitu kilekile.

Siku hizi mafuta hayo yamo kwenye vichupa, yananadiwa stendi kuwa yanatibu jino, kisukari, presha na nguvu za kiume: kijiko asubuhi, kijiko jioni. Hilo nalipinga kwa nguvu zote. Mafuta matupu huunguza ufizi, na mtoto mdogo akiyameza yanaweza kumharibia ini. Bibi alitoa punje moja, kwa usiku mmoja.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Tanzania tunayo tangu 2002, nayo inawasajili waganga. Elimu ya jikoni haina daftari. Kwetu Uluguru, ambako ukoo huhesabiwa upande wa mama, elimu hiyo pia imeshikwa zaidi na kina mama, kwa mdomo, na kinachotangulia kupotea ni kipimo. Mdalasini hutuliza tumbo, hilo watu wanalijua. Uliza gome kiasi gani, lichemke kwa muda gani, nani asipewe: wengi hunyamaza.

Ndiyo maana waandishi wa toleo hili la tiba za jikoni sisi wahariri tuliwarudishia makala, wengine mara mbili, mpaka waandike punje ngapi, siku ngapi, na dalili gani ikionekana mgonjwa akimbizwe hospitali. Wapo walionuna. Mmoja alipanda tena Kinole, hukohuko Uluguru, kumwuliza mama yake mkubwa, akashuka na sentensi moja, nasi tumeichapa kama ilivyosemwa: "Jicho likigeuka njano, mwanangu, epua sufuria, tafuta gari."