Tulikuwa Watu wa Nyota

Mwezi wa Januari nilifunga safari kutoka Mombasa kwenda Marsabit, mji ulio juu ya mlima katikati ya jangwa la kaskazini mwa Kenya. Jamaa zangu walishangaa. "Wafuata nini huko, mawe?" waliniuliza. Niliporudi niliwajibu kwamba nilifuata kitu kilichokuwa chetu, nasi tumekipoteza.

Zamani safari hiyo ilikuwa adhabu ya mashimo na vumbi. Siku hizi lami imefika mpaka Moyale, na kutoka Isiolo hadi Marsabit ni kiasi cha kilomita 260. Unapita nyika kavu yenye joto, kisha gari linapanda, na ghafula umo ndani ya msitu, ukungu na baridi. Asiyechukua sweta atajuta. Kijana mmoja mwenyeji aliniongoza kwa miguu mpaka ukingo wa Gof Redo, shimo kubwa lililoachwa na volkano. Kesho yake niliuona msitu alimoishi ndovu Ahmed, ambaye Mzee Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970, akafa mwaka 1974. Adhana ilinikuta mjini, nikasali pamoja na Waborana, Waburji na Wasomali, wala sikujiona mgeni.

Lakini mlimani ukungu huzificha nyota. Tulishuka hadi jangwa la Chalbi, usiku usio na mwezi. Ndugu msomaji, nyota zilijaa hata nikashindwa kuzitenga. Utosini kilikuwapo Kilimia. Nikiwa barazani kwangu Mombasa, nikiona nyota zake nne ni bahati. Pale nilihesabu saba. Upande wa kusini iling'aa Suheli, ambayo mabaharia Waarabu waliitumia kujua njia.

Mzee mmoja wa Kiborana alikaa nasi motoni. Nilipomwonyesha Kilimia, aliniambia kwao ni Busan. Waborana wana wajuzi waitwao ayyantu, wanaohesabu siku na miezi kwa kutazama mwezi unavyokutana na nyota maalumu. Hesabu hiyo imeelezwa na mtaalamu Asmarom Legesse katika kitabu chake cha mwaka 1973. Mwaka wao una siku 354, karibu sawa kabisa na mwaka wetu wa Hijria.

"Nanyi watu wa pwani, nyota hizi mwaziitaje?" mzee aliniuliza. Nilitaja Kilimia, Suheli na Zuhura, kisha nikanyamaza. Marehemu babu yangu, aliyekuwa baharia wa jahazi, angalimtajia mpaka alfajiri.

Hapo niliona haya. Wazee wetu walijua nyota za kusafiria na nyota za kulimia. Jina lenyewe la Kilimia latokana na kulima. Sisi kila Ramadhani twabishana juu ya mwezi mwandamo, na wengi wetu hatujui hata upande wa kuutazama. Tusizilaumu taa za barabarani peke yake. Ni kweli zimetufichia mbingu, lakini hazikutukataza kuwauliza wazee.

Mwenye nafasi na aende kaskazini. Achague siku za mwisho wa mwezi, achukue maji ya kutosha, na asitoke mjini bila mwenyeji wa kumwongoza. Asiye na nafasi asikae bure. Lamu, Faza na Vanga wangalipo wazee waliosafiri kwa matanga. Walimu wa shule na wa madrasa wawaalike, wakae na watoto ufukweni usiku mmoja, mbali na taa, na kila jina la nyota litakalotajwa liandikwe daftarini.

Kazi hiyo haihitaji fedha wala kamati, ila yahitaji haraka. Taa tunaweza kuzizima tukitaka, lakini mzee akishazikwa hatuna tena wa kumwuliza.