Mto Msimbazi unatoka Pugu, na sisi tunataka njia ya kwenda Pugu



Mada ya leo itawashangaza baadhi yenu. Nataka kuongelea baiskeli, tena baiskeli ya kwenye barabara za vumbi, milimani na msituni, mahali ambapo huna haja ya kugeuka nyuma kila dakika kuangalia kama lori limeshakufikia. Swali lenu nalijua: "Kamanda dada, sisi tunadai Katiba Mpya na Tume Huru, wewe unatuletea baiskeli?" Nitalijibu, naomba tu msome hadi mwisho.

Tuanze na jiografia, maana wengi wetu wa Magomeni, Kigogo na Kariakoo tunaishi kana kwamba Dar es Salaam ni tambarare ya lami na foleni peke yake. Siyo kweli. Ukitoka mjini kwa Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, ukapita uwanja wa ndege, ukapita Gongo la Mboto, ardhi inaanza kupanda. Hapo ndipo vilima vya Pugu vinapoanza, na nyuma yake Kisarawe. Kuna msitu wa hifadhi wa Pugu-Kazimzumbwi, miongoni mwa mabaki ya misitu ya asili ya pwani yetu, yenye mimea na wanyama ambao huwapati kwingine duniani. Ndani na pembeni yake kuna njia za udongo, zinapanda na kushuka, kivuli kizito, ndege wanalia. Gari ni la kubahatisha. Ukifika pale na baiskeli yenye tairi nene kidogo, mapafu yanakumbuka kazi yake.

Wenzetu wameshaona kwamba rafu kama ile ni mali. Usambara, kuanzia Lushoto mpaka Mtae, wageni wanalipa wapate kupita kwa baiskeli kwenye barabara za vumbi ambazo mkulima wa kule anazipita kila siku na mzigo wa kabichi. Kenya tangu 2021 wana Migration Gravel Race, mbio za siku nne za barabara za changarawe kule Maasai Mara, ambako vijana wa Afrika Mashariki wanashindana na wanaolipwa mishahara Ulaya. Ni michezo, ni utalii, ni ajira. Hilo sibishani nalo.

Ninalobishana nalo ni hili: nani anafika Pugu?

Angalia Jumamosi asubuhi. Mwenye gari anafunga baiskeli nyuma, anaendesha hadi Kisarawe, anaishusha, anafurahia msitu, anarudi. Kijana wa Magomeni mwenye baiskeli ya mtumba aliyoipata Kariakoo inabidi aipige pedeli kutoka nyumbani. Kilomita ishirini na kitu katikati ya malori ya bandarini, daladala zinazochomekea na bodaboda zinazotoka kila upande. Mimi nimeipita hiyo njia pamoja na wenzangu. Mlima wa Pugu hautishi hata kidogo. Kinachotisha ni kuufikia. Na ukiwa msichana ongeza na makonda: "Dada utaanguka! Dada shuka tukubebe!"

Kwa hiyo msitu ni wa umma kwenye karatasi, lakini kiuhalisia ni wa mwenye gari. Darasani tunafundishwa kwamba haki isiyo na njia ya kuidai ni pambo tu. Hapa neno "njia" lina maana yake ya kawaida kabisa: hakuna njia.

Msidhani baiskeli ni starehe ya watu wa Masaki. Jiji hili limebebwa na baiskeli. Anayetoa samaki Feri alfajiri, guta linaloingiza mzigo Kariakoo, fundi anayewahi saiti Tabata na ndoo ya vifaa kwenye usukani: wote hao ni waendesha baiskeli. Serikali ya awamu ya kwanza hata ilikuwa na kiwanda cha umma kikitengeneza baiskeli za Swala hapa hapa nchini. Leo mtu huyo huyo akigongwa, swali la kwanza ni "alikuwa anafanya nini barabarani?" Lakini Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haijamfukuza mwendesha baiskeli barabarani. Imemtambua. Aliyemfukuza ni mchoraji wa barabara.

Mtaniambia mwendokasi uliletwa na njia za baiskeli. Kweli. Awamu ya kwanza iliyoanza kutoa huduma Mei 2016 ilijengwa na njia za baiskeli pembeni ya Barabara ya Morogoro, na Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Sasa nenda Magomeni Mapipa uitafute hiyo njia. Utakuta bodaboda wamepaki, gari limepandishwa, mama ntilie ameweka benchi. Tusimlaumu mama ntilie, yeye hakupewa sehemu nyingine. Lawama ni ya wenye mamlaka waliochora mstari, wakapokea tuzo, wakaondoka.

Sasa nifike kwenye hoja yenyewe. Mto Msimbazi unaanzia wapi? Unaanzia kwenye vilima hivyo hivyo vya Pugu. Unashuka, unapita Vingunguti, unapita Kigogo, unaingia Jangwani kati ya Magomeni na Kariakoo, kisha unamwaga baharini pale Daraja la Salender. Maji ya mlimani yanakuja kwetu kila mwaka, na mvua ikizidi yanaifunga Barabara ya Morogoro kabisa. Maana yake mto umeshachora njia kutoka Magomeni hadi msituni. Haina taa za barabarani wala lori hata moja. Kinachokosekana ni watu kuruhusiwa kupita.

Na sheria je? Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hicho kifungu watu wa bondeni wanakijua kwa machozi. Desemba 2015 matingatinga yaliingia bonde la Msimbazi, nyumba zikapigwa X nyekundu na kuangushwa, watoto wakalala nje na vitanda vyao. Wananchi, pamoja na mbunge wa Kinondoni wa wakati ule aliyekuwa wa upinzani, walikimbilia Mahakama Kuu. Mbunge huyo baadaye alihamia chama tawala, hayo tuyaache. Cha kukumbuka ni kwamba mita 60 zilitumika kumtoa maskini. Hazijatumika hata mara moja kumpa maskini kitu.

Mimi nasema zitumike kutoa. Kama ukingo ni wa umma kiasi cha kumvunjia mtu nyumba, basi ni wa umma kiasi cha kupita na baiskeli. Njia ya changarawe iliyoshindiliwa haihitaji lami, haizuii maji kuzama ardhini, na mafuriko yakiichimba inatengenezwa kwa koleo na toroli, wala hausubiri mkandarasi kutoka nje. Tena inaajiri vijana wa mtaa. Kifungu hicho hicho kinampa Waziri mamlaka ya kutoa miongozo ya matumizi ya maeneo hayo, kwa hiyo hatuhitaji hata kubadilisha sheria. Tunahitaji mtu wa kusaini.

Hela ipo? Ipo. Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi uko chini ya TAMISEMI, una mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, na fedha za Uholanzi na Hispania zimeongezwa. Mpango una daraja jipya Jangwani na bustani kubwa ya jiji bondeni. Mkopo huo utalipwa na mimi na wewe, na watoto ambao hatujawazaa. Basi tuulize mapema, kabla zege halijakauka: hiyo bustani itakuwa na geti la tiketi? Njia ya baiskeli itaishia kwenye uzio wa bustani, au itaendelea juu hadi Kinyerezi na Pugu? Aliyevunjiwa nyumba pale atarudi kama mwananchi, au kama mlinzi wa geti?

Wanaosema hii siyo siasa wasome habari ya Karura, Nairobi. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji. Miaka ya 1990 watu wa karibu na utawala wa KANU waligawiwa vipande wajenge majumba. Wangari Maathai alikwenda kupanda mti Januari 1999, akapigwa na genge la vijana hadi damu ikamwagika. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Ardhi ikaokolewa. Leo Karura ina njia za udongo ambazo mtoto anajifunzia baiskeli bila kuogopa matatu. Kiingilio kipo, na hilo mimi nalipinga, lakini msitu upo kwa sababu kuna raia waliokubali kuumia kwa ajili yake, wakati wenzao wakiwaambia "kuna mambo makubwa zaidi".

Sasa lile swali la Katiba Mpya. Ibara ya 17 ya Katiba tuliyonayo inampa raia uhuru wa kwenda kokote katika Jamhuri. Ibara ya 14 inampa haki ya kuishi na kulindwa uhai wake. Mtu anayelazimika kuchagua kati ya hizo mbili kila akipanda baiskeli hana hata moja. Tunaidai Katiba Mpya kwa sababu ya maisha ya namna hiyo. Tukishindwa kumwonyesha kijana wa Kigogo kwamba Katiba inagusa tairi la baiskeli yake, atatuona sisi nasi ni watu wa majukwaani.

Kumbukeni pia kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa anafundisha Pugu wakati TANU inaanzishwa 1954, na nyumba aliyoishi baada ya kuacha ualimu ipo Magomeni, leo ni makumbusho. Pugu na Magomeni zimeunganishwa na siasa za ukombozi kabla hatujazaliwa. Hatubuni safari mpya.

Kazi ya kufanya, makamanda, ni hii. Kwanza, uchaguzi wa serikali za mitaa. Kila mgombea wetu kwenye mitaa inayopakana na mto aulizwe kuhusu mita 60, na aliweke jibu lake kwenye ilani ya mtaa. Pili, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaruhusu raia kuomba nyaraka kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Tuombe michoro ya mradi wa Msimbazi, tuisome, tuiweke hadharani kwa Kiswahili. Wanafunzi wa sheria tuliopo kwenye jumuiya ya vijana tunaweza kuandika barua hizo bure. Tatu, kila mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni. Mwenyekiti asipoitisha, mdaini.

Na mwenye baiskeli atoke siku moja alfajiri, kabla malori hayajaamka, apande Pugu. Mkienda kundi ni salama zaidi. Mtakaposhuka mtaujua mto unakoanzia, na mtajua tunadai nini.