Kitanda Usichokilalia Hujui Kunguni Wake

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Twawakumbusha neno hili askari na polisi wetu walioko Mbarara na katika vituo vyote vya magharibi, kwa kuwa fedha za kupambana na UKIMWI zimepungua, na swali lililo mbele yetu ni hili: mipango inapopangwa, ni nani aketi mezani?

Askari wana haki ya kulijibu, maana vita hivi viliwagusa mapema. Mwaka 1986 maafisa 60 wa jeshi letu walipelekwa mafunzoni Cuba. Walipopimwa, 18 walionekana kuwa na virusi. Fidel Castro alimweleza Rais Museveni habari hiyo mjini Harare mwaka huohuo. Mwaka uliofuata, Noerine Kaleeba na wenzake, ambao ugonjwa huo ulikuwa umebisha hodi majumbani mwao, waliunda TASO bila kungoja kualikwa na mtu. Baadaye Meja Rubaramira Ruranga, naye mwanajeshi, alijitokeza hadharani akasema kwamba anaishi na virusi, kisha akawa mtetezi wa wenzake. Hao hawakuwa maadui wa serikali, bali waliisaidia kuona.

Wapo wanaodhani kwamba raia anayehoji bajeti ya dawa ni mchochezi. Sisi hatukubaliani nao. Mwaka 2005 Mfuko wa Dunia ulisimamisha misaada yake kwa Uganda kwa ajili ya usimamizi mbaya wa fedha, hata ikabidi Tume ya Jaji James Ogoola ichunguze. Fedha zikipotea ofisini, anayeumia ni mgonjwa. Basi anayeuliza mapema analinda mali ya umma, kama mlinzi wa zamu anavyolinda ghala la silaha.

Tuitazame Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, makazi ya wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950. Humo wanaishi Wakongo, Wanyarwanda, Warundi, Wasomali na wengineo. Mkimbizi na askari wanafanana kwa jambo moja: wote wawili huhama kwa sababu zisizo hiari yao. Mmoja hukimbia vita, mwingine hupewa amri ya uhamisho. Lakini dawa hizi hunywewa kila siku bila kukatiza, na ghala la zahanati hujazwa kwa hesabu ya watu waliokwisha andikishwa hapo. Anayefika leo na kopo tupu hakuwamo katika hesabu ya jana. Mpangaji aliye mbali aweza kulisahau jambo hilo; aliyepata kusafiri na kopo hilo mfukoni hawezi.

Hatari hii imezidi. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, nayo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya gharama za dawa hizi. Bajeti ikipunguzwa, wa kwanza kukatwa ni yule asiye na msemaji. Sheria ya mwaka 2014 ilianzisha mfuko wetu wenyewe wa UKIMWI, utakaopata asilimia 2 ya kodi za bia, waragi, soda na maji ya chupa. Sheria hiyo ni ahadi, na ahadi ni deni. Vyama vya raia vinapolidai deni hilo, vinatudaia sote, wenye sare na wasio na sare.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa vikosi wawape askari wanaoishi na virusi nafasi ya kusema mipango inapoandaliwa, bila kuwaaibisha wala kuwahofisha. Tunawaomba polisi wanaolinda mikutano ya wakimbizi na ya vyama hivyo wasiitazame kwa jicho la shaka. Hakuna jemadari anayepanga vita bila kumsikiliza aliyetoka doria. Katika vita hivi, aliyetoka doria ni mgonjwa mwenyewe.